Kidole cha Bi Mdogo

Vilikuwa vidole ishirini na tatu. Nilivijua vyote, kila kimoja na pale kinapopindia, kwa sababu baba alinifundisha kuvihesabu kabla hajanifundisha kuvilisha. Alhamisi ile nilitoka mapema kwenye duka letu la miwani, nikavua viatu mlangoni, nikaenda moja kwa moja kwenye tangi la kioo linaloziba nusu ya ukuta wa sebule. Nilikuwa nimekuja na kile kioo cha mkono tunachowapa wateja wajitazame wakijaribu fremu. Nikakitumbukiza majini, nyuma ya jiwe, mahali ambapo jicho halifiki. Nikahesabu. Ishirini na mbili. Nikarudia, na bado vilikuwa ishirini na mbili.

Pale kilipopaswa kuwa kidole cha ishirini na tatu palikuwa na kisiki kilichokatwa kikanyooka, kama mua uliopitishwa kisu. Samaki hakati hivyo, wala konokono. Anayekata hivyo ni mtu, tena mtu mwenye msumeno mdogo na subira nyingi, na mimi namjua mmoja tu mwenye vyote viwili.

Nilihisi masikio yanawaka. Nikachukua simu nikamwandikia neno moja: Njoo.

Wakati namsubiri sikukaa. Niliizunguka sebule kama mtu aliyepoteza funguo, na kila nikipita mbele ya tangi nilimwona Bi Mdogo anavyokufa.

Bi Mdogo ni tumbawe. Watu wanadhani tumbawe ni jiwe. Si jiwe, ni maelfu ya wanyama wadogo waliojengeana nyumba ya chokaa wakaishi pamoja kama wapangaji wa jengo moja, na hao wanyama wana deko kuliko kitinda mimba yeyote. Joto likipanda kidogo wananuna. Taa ikiwa kali wanapauka. Chumvi ikizidi wanaanza kuchubuka nyama kuanzia shinani, hadi ubaki mfupa mtupu. Baba alilileta nyumbani likiwa na ukubwa wa kidole gumba, akakaa nalo kila jioni kwa miaka saba, akipima maji, akiongeza matone ya hiki na kile, hadi likawa kichaka cha kijani chenye ncha za zambarau, pana kama sinia. Jina alilipa mama. "Nenda kamwangalie bi mdogo wako," alikuwa akimwambia baba, "sisi wakubwa tutakula na watoto wetu." Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye mwiba ndani. Baba alipofariki, miaka miwili iliyopita, Bi Mdogo alibaki mikononi mwangu. Mama hakuwahi hata kulifuta vumbi lile tangi.

Na sasa, kwa miezi miwili mizima, nyama ilikuwa inamchubuka. Nilibadilisha maji mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Nilichanganya chumvi kwa mikono yangu, nikapima, nikalala vibaya, nikaamka nikapima tena. Kadiri nilivyomhangaikia ndivyo alivyozidi kuisha. Halafu katikati ya hangaiko hilo, mtu ananikatia kidole chake!

Mlango uligongwa. Matone aliingia akiwa bado na koti lake jeupe la maabara. Wenzake huko kwenye maabara ya maji safi ndio waliomwita hivyo, kwa sababu hakuna anayehesabu matone ya dawa ya kupimia kwa utulivu kama yeye. Mimi nilimpenda kwa utulivu huohuo. Alikuja dukani kusagiwa lenzi, akaona picha ya tangi kwenye simu yangu, akauliza, "Unapima nini na nini humo?" Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza swali tamu kama lile. Ulikuwa umepita mwaka na nusu tangu siku hiyo, na keshokutwa, Jumamosi, watu wake walikuwa waje kuonana na mama na kaka yangu.

Alinitazama usoni, na tabasamu lake likaishia palepale mlangoni.

"Kuna nini, Fundi?"

"Sogea hapa. Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Vidole vya Bi Mdogo. Wewe si bingwa wa kuhesabu? Hesabu nikusikie."

Hakuhesabu. Alivua miwani yake, ile niliyomsagia mimi mwenyewe, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Ni mimi," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na jibu la kila uongo. Ukweli uliokuja bila hata kuvutwa ulinipandisha hasira zaidi, maana ulininyang'anya nusu ya maneno yangu.

"Lini?"

"Wiki tano zilizopita. Siku ile uliyochelewa dukani."

"Ukaingia nyumbani kwa baba yangu na msumeno."

"Nilikuwa na msumeno, ndiyo."

"Usinijibu kama uko mahakamani!"

"Nakujibu unachoniuliza."

"Haya, nijibu na hiki. Kwa nini?"

Alilitazama tangi, kisha mimi, kisha tangi tena. "Kwa sababu anakufa, na nilitaka kitu chake kibaki. Hata baba yako alifanya hivyo, wewe ndiye uliyenisimulia. Wafugaji wote hufanya. Unampa mwenzako kipande, siku tangi lako likiharibika anakurudishia."

"Baba alitoa kwa mkono wake! Hakuna aliyemvizia akiwa kazini! Na nani kakwambia anakufa? Labda anakufa kwa sababu umemkata!"

"Alianza kabla sijamkata. Ni chumvi, Fundi. Chumvi imezidi. Nilikwambia kuhusu ile darubini."

Hapo damu ilinichemka kabisa.

Darubini ni kipima chumvi cha baba, kifaa cha urefu wa shibiri. Unadondoshea tone la maji mbele, unachungulia nyuma, unasoma namba. Maji ya matumbawe yanatakiwa yasome thelathini na tano, na ya kwangu yalisoma thelathini na tano kila siku. Miezi mitatu iliyopita iliniponyoka ikaanguka sakafuni, lenzi ndogo ya ndani ikapasuka. Mtu mwingine angenunua kipya. Mimi ni fundi wa lenzi. Niliifungua, nikasaga lenzi nyingine, nikaifunga, nikaipima kwa maji matupu yasiyo na chumvi, ikasoma sifuri safi kabisa. Siku hiyo nilijisikia kama baba amenipiga kofi la mgongoni akisema, umefanya vizuri, mwanangu.

"Mimi ndiye ninayesaga lenzi hapa," nikamwambia. "Wewe unapima maji ya bomba."

"Napima maji, na nilichukua ya kwako nikayapima kwa mashine ya kazini. Nilikwambia mara tatu. Mara ya tatu ulinionyesha mlango."

Kweli nilimwonyesha. Nilimwambia akiitaja tena darubini ya baba yangu atafute pa kwenda. Lakini mtu akiwa na hasira hakumbuki vizuri, anakumbuka yale yanayomfaa.

"Kwa hiyo uliona naua, ukanyamaza," nikasema. "Ukaona bora uchukue chako ukafiche. Kiko wapi?"

"Kiko salama."

"Sijakuuliza kiko vipi, nimekuuliza kiko wapi!"

"Siwezi kukwambia. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

Alirekebisha miwani yake puani. Pampu ya tangi ilikuwa inavuma, na mimi nilisikia kila mzunguko wake.

"Nakuuliza wewe, Matone. Kidole cha Bi Mdogo wa baba yangu umempa nani? Mwanamke?"

Angeweza kukwepa. Mwanamume mwingine angetafuta pa kutokea. Huyu alinitazama machoni, masikini, na yale macho yake makubwa nyuma ya lenzi zangu, akasema, "Ni mwanamke. Ila si hivyo unavyofikiri."

Sikusikia sehemu ya pili. Kuna siku moja ya mvua, tukiwa ndani ya gari lake, aliniambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Mke wake wa kwanza alipofungasha, alimwachia sentensi moja tu. Aliniambia akiwa ameshika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa, na mimi nikamshika mkono, nikamwambia hilo nitalitunza. Sasa nikalitoa nililotunza, nikamtupia.

"Ndiyo maana mkeo alikuacha," nikasema. "Alisema kweli. Wewe nyumba ikiungua utasimama pembeni unapima moshi."

Uso ulimshuka. Hakukunja ngumi wala hakuinua sauti. Alisimama tu, kama mtu anayesubiri maumivu yapite ndipo atembee. Nilitamani nikimbilie yale maneno niyarudishe mdomoni, na nilitamani pia aseme kitu kibaya ili nami niumie tulingane. 

Aliingiza mkono mfukoni akatoa chupa ndogo ya kahawia, akaiweka mezani.

"Haya ni maji ya kipimo," akasema polepole. "Yametengenezwa maabara. Chumvi yake ni thelathini na tano, si zaidi si pungufu. Nimetembea nayo mwezi mzima natafuta siku ya kukupa. Weka tone moja kwenye darubini yako. Ukisoma thelathini na tano, mimi ni mwizi na mwongo, na Jumamosi sitaleta watu."

"Usiwalete hata hivyo!"

Aliitikia kwa kichwa, akafunga mlango taratibu nyuma yake. Hata mlango hakuubamiza. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, nikimlaani kwa hilo pia.

Kaka yangu alifika jioni, na vumbi la saruji kwenye viatu, maana anauza vifaa vya ujenzi. Yeye humwita Matone "Bwana Maji", na hajawahi kulitamka jina hilo bila kukunja pua.

"Nimekutana na Bwana Maji barabarani," akasema akijitupa kwenye kochi. "Kaniamkia kama mtu aliyetoka kuzika. Mmegombana?"

Nilimweleza. Sikumweleza yote, nilimweleza kidole na mwanamke. Alisikiliza hadi mwisho, na kwa jinsi ninavyomfahamu, ilimgharimu sana kutotabasamu.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Nilishasema. Mtu kashindwa na mke wa kwanza, leo anatuibia mawe."

"Si mawe, kaka."

"Anatuibia wanyama, basi. Nimpigie simu nimwambie Jumamosi wasije?"

"Mpigie."

"Una hakika? Nikishapiga sirudi nyuma."

"Nimesema mpigie!"

Mama alikuwa ametoka chumbani kwake, amesimama kwenye korido na kanga yake mabegani. "Nani hatakuja?" akauliza.

"Wakwe," kaka akasema, simu tayari sikioni. "Mwanao kapata akili."

Mama alinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa. Nilitegemea afurahi. Tangu mwanzo alikuwa akisema mwanamume aliyewahi kuachwa ni wa kutazamwa mara mbili. Kisha akarudi chumbani, na nikasikia ufunguo ukizungushwa. Siku hizi mama alikuwa anafunga mlango kwa ufunguo. Daktari alimkataza sukari, na mimi na kaka tulikuwa tumeshakubaliana kwamba anaficha biskuti humo ndani.

Ijumaa asubuhi niliamka na macho yaliyovimba na hasira ambayo haikuwa imelala. Ile chupa ya kahawia ilikuwa bado mezani. Niliizunguka, nikanywa chai, nikaizunguka tena. Nilitaka kumdhihirishia. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya niifungue. Nilitaka nisome thelathini na tano, niipige picha, nimtumie bila neno.

Nikaweka tone. Nikafunika. Nikaielekeza darubini dirishani nikachungulia.

Thelathini.

Nikaifuta, nikaweka tone jingine. Thelathini. Nikachukua maji matupu, nikapima. Sifuri, safi kama siku ile niliyoifunga. Nikakaa chini na ile darubini mapajani, na fundi wa lenzi aliyemo ndani yangu akanieleza kila kitu, kwa sauti ya upole ambayo sikuistahili. Lenzi niliyosaga ilikuwa na nguvu tofauti kidogo na ile ya zamani. Chini kabisa, kwenye sifuri, haina tofauti. Lakini kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyodanganya. Niliposoma thelathini na tano, maji yalikuwa arobaini na kitu. Na kila nilipomwona Bi Mdogo anaumwa nilibadilisha maji, na kila nilipobadilisha nilimtia maji yenye chumvi nyingi zaidi. Mara mbili kwa wiki. Kwa upendo.

Sikulia. Hasira ilinigeukia mimi, na hasira ya kwangu haijui kukaa kitako. Nilienda jikoni nikachukua ndoo ya maji yaliyochujwa, lita ishirini, nikaiburuta hadi sebuleni. Nikapanda kwenye kigoda, nikaiinua hadi ukingo wa tangi. Chumvi imezidi, basi ipunguzwe sasa hivi, dakika hii hii.

"Weka ndoo chini!"

Mama alikuwa amenishika mkono. Sijui alifikaje pale kwa miguu yake ile inayomuuma.

"Mama niache, nimemuua, niache nimtoe kwenye hiyo chumvi!"

"Weka chini nakwambia! Ukiishusha kwa mkupuo utawamaliza na hao waliobaki. Ni kikombe, unasubiri, kikombe kingine, unasubiri. Wiki nzima. Watoto hawa hawapendi kushtuliwa."

Niliganda na ndoo yangu. Maji yalinimwagikia miguuni.

"Mama," nikasema, "hayo umeyajulia wapi?"

Alinisaidia kuiteremsha ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga, akanitangulia kwenye korido. Aliingiza ufunguo mlangoni kwake na kuuzungusha.

Juu ya meza yake ya kujipambia, pale kilipokuwa kioo chake na mafuta yake, kulikuwa na tangi dogo la kioo, la ukubwa wa sanduku la viatu. Lilikuwa na pampu yake ndogo, kipasha maji chake, na taa ya bluu iliyoning'inizwa kwa mkanda wa gauni. Kando yake, vichupa vinne vya dawa na daftari la shule lililojaa namba kwa mwandiko wa mama. Na katikati, kwenye kipande cha kigae, kidole kimoja cha kijani chenye ncha ya zambarau. Vinyama vyake vyote vilikuwa vimejitokeza nje, vinene, vimeridhika. Chini, kilipogundishwa, nyama changa ilikuwa imeanza kukitambalia kile kigae.

Nilishika fremu ya mlango.

"Wewe ndiye mwanamke," nikasema.

"Mwanamke yupi?"

"Mama! Wewe ndiye uliyemtuma akakata?"

"Nilimtuma. Nilimsikia anakwambia, na nilikusikia unavyomfukuza. Mara tatu, ukuta huu mwembamba. Nikampigia nikamwambia, huyu binti kachukua hasira za baba yake, hasikii, nikatie kipande nikifiche." Alivuta kiti akaketi. "Nikamwambia pia akikutajia, asikanyage hapa Jumamosi. Akaapa. Tena alikuwa anakuja hapa mchana, ukiwa dukani, kunifundisha kupima. Kanisimamia kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mpole yule. Nilikuwa nimemkosea."

"Jana nimemfanya mwizi bure! Kaka kapiga simu mbele yako! Ukakaa kimya!"

Mama aliinamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwona mama ameinamisha kichwa mbele yangu.

"Niliona aibu," akasema. "Miaka yote ile namsema. Baba yako anakaa na lile tangi, mimi namwaga sumu kutoka jikoni. Leo nitoke niwaambie watoto wangu kwamba nimemweka chumbani, juu ya meza yangu, namhesabia matone? Kila nikilala namwona. Nampigia kelele hadi leo, unajua? Namwambia wewe ndiye uliyenichukulia mume wangu jioni zote zile." Alikigusa kioo cha tangi kwa ncha ya kidole. "Lakini mke mwenzangu naye akifa, mwanangu, nitakaa na nani aliyemjua baba yako?"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nikiwa bado na hasira, na kwangu hasira na machozi hupitia mlango mmoja. Nilimkumbatia mama kwa nguvu hadi akalalamika mbavu. Kisha nikavaa viatu bila kufunga kamba, nikaichukua darubini, nikatoka.

Maabara ya maji safi ni chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe na chupa zilizopangwa mistari, kila moja na karatasi yake. Wenzake watatu waliinua vichwa nilipoingia. Matone hakuinua. Alikuwa anadondosha dawa kwenye bilauri, tone baada ya tone, midomo ikitembea. Akanyanyua kidole kimoja kuniomba nisubiri. Nikasubiri hadi yale maji yalipogeuka kutoka waridi kuwa bluu na yeye akaandika namba yake. Ndipo akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu, na lenzi zangu ziliyakuza yakawa mekundu zaidi.

"Thelathini," nikasema, nikaiweka darubini mezani.

Hakuuliza thelathini ya nini. "Pole," akasema.

"Usinipe pole! Sijaja kupewa pole. Nimeshaingia chumbani kwa mama."

Alishusha pumzi ndefu. "Kumbe."

"Kumbe, ndiyo. Na nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hujui! Nina hasira na mimi pia, lakini hiyo nitapambana nayo mwenyewe. Ya kwako nimekuletea. Kwanza lile neno la mkeo. Ulinipa nilitunze, halafu nikakutupia. Hakuna udhuru. Nisamehe."

"Liliuma kwa sababu ni kweli," akasema kwa utulivu wake ule. "Nilikuona unaharibu. Ningekushika mikono siku ile ya kwanza, Bi Mdogo angekuwa mzima. Nikakwambia kidogo, ukafoka, nikarudi nyuma. Nimezoea kurudi nyuma."

"Uliniambia mara tatu kwa kunong'ona! Mimi nikifoka wananisikia hadi mtaa wa pili, wewe unakuja na kunong'ona! Sasa nyumba yetu itakuwaje? Kila nikikosea utanifichia vipande?"

"Nikikupigia kelele utaniua, Fundi."

"Nitakuua. Lakini nitakuwa nimesikia."

Mmoja wa wenzake alikohoa akajifanya anatafuta kalamu. Nilitoa simu, nikampigia kaka palepale.

"Kaka, Jumamosi wanakuja."

"Nani? Si ulisema ni mwizi?"

"Mwizi ni mama. Nenda kamuulize. Na Jumamosi ukimwita Bwana Maji mbele ya watu wake, nakutolea siri zako zote mezani." Nikakata kabla hajapumua.

Matone alikuwa anapigana na tabasamu, na tabasamu lilikuwa linaelekea kushinda. Nami sikuwa tayari kwa tabasamu. Bi Mdogo alikuwa amebaki nusu, na ile nusu nyingine nilikuwa nimeiua mimi. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mtu huyu kabla sijakaa naye maisha yangu yote.

"Haya," nikamwambia. "Rudia mara ya nne. Lakini siyo kwa kunong'ona."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Hapa hapa."

Alitazama wenzake. Alitazama bilauri zake. Alivua koti jeupe, sijui kwa nini, labda alidhani mtu hafoki akiwa nalo, akalikunja vizuri akaliweka kwenye kiti. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"LENZI YAKO NI MBOVU!" akapiga kelele, na bilauri mezani zikalia. "MBOVU! UMEITENGENEZA VIBAYA, UNAMUUA BI MDOGO, NA MIMI SITAONDOKA HAPA HADI UNISIKILIZE!"

Mwangwi ulizunguka kwenye vile vigae, ukaisha. Alikuwa anahema, uso umemwiva, amejishika ukingo wa meza kama mtu aliyetoka kubeba mzigo mzito, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Nimesikia," nikamwambia.